Neno HAMU: Maana Yake na Asili Yake

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nipate kueleza habari za neno moja dogo la Kiswahili, neno HAMU. Najua wasomaji wengine watasema, "Neno hilo nani asiyelijua?" Mimi pia nilisema hivyo hivyo mpaka mwezi wa pili wa mwaka huu, na kwa sababu ya kutolijua vema nilimkosea mtoto wa watu. Kwa hiyo nitaanza na kisa kilichonipata, kisha nitaingia katika somo lenyewe.

KISA

Mimi ni mwenyeji wa Kibondo, nami nasoma hapa Kasulu katika bweni. Huu ni mwaka wangu wa nne, na mwaka huu nimepewa kazi ya kiranja wa bweni. Muhula wa kwanza ulipoanza tulipokea wanafunzi wapya wa Kidato cha Kwanza. Mmoja wao alikuwa mdogo wa umbo, mtaratibu, naye ametoka Kibondo kama mimi.

Usiku mmoja, baada ya masomo ya jioni, mtoto huyo alikuja akasimama karibu na kitanda changu. Mimi nilikuwa nanakili maandishi ya Jiografia. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Kaka, nina hamu."

Nikamjibu bila kuinua macho, "Hamu ya nini? Ya wali? Subiri Jumamosi."

Wenzangu walicheka sana. Mtoto naye akatabasamu kidogo, akarudi kitandani kwake.

Asubuhi tulipohesabiwa, kitanda chake kilikuwa kitupu. Walimu na mlinzi walitoka kumtafuta, na kabla ya saa sita mchana walimkuta katika barabara iendayo Makere, amekaa chini ya mti, viatu amevishika mkononi kwa kuwa vilimchubua. Alikuwa anakwenda Kibondo kwa miguu. Kutoka Kasulu mpaka Kibondo ni zaidi ya kilomita 100. Namshukuru Mungu hakupatwa na baya lo lote.

Alipoletwa shuleni aliulizwa mbele yangu, "Kama ulikuwa na shida, kwa nini hukumwambia kiranja wako?" Akajibu, "Nilimwambia, Mwalimu."

Watu wote waliokuwa katika chumba kile walinitazama. Sikuwa na la kusema.

Mwalimu wetu wa Kiswahili hakunipa adhabu. Aliniambia hivi: "Mtoto alikuambia neno moja, nawe ukasikia jingine. Nenda ukalitafute neno hilo mpaka ulijue. Ukishalijua, waeleze wenzako." Basi haya ndiyo niliyoyapata. Nimeyapata kwa kusoma kamusi zilizo katika maktaba yetu, kwa kumwuliza mwenzangu mmoja wa Ujiji aliyesoma chuo cha Kurani tangu utoto wake, na kwa kumwuliza babu yangu wakati wa likizo.

1. MAANA ZA HAMU KATIKA KISWAHILI CHA LEO

Neno hili tunalitumia kwa njia nyingi. Hebu tazameni mifano hii:

(a) Sina hamu ya kula. Hapa hamu ni ule utayari wa mwili kupokea chakula. Mgonjwa wa malaria hana hamu ya kula hata akiletewa kuku.

(b) Nina hamu ya kujua matokeo ya mtihani. Hapa hamu ni kutaka sana kwa moyo jambo ambalo bado halijafika.

(c) Nina hamu na mama. Hapa hamu ni uchungu wa kutengana na mtu umpendaye, pamoja na tamaa ya kumwona.

(d) Sina hamu naye. Hapa msemaji amechoka na mtu huyo, hataki hata kumsikia.

Vile vile tunasema kutia hamu, kupata hamu na kukata hamu. Aliyepata alichokitaka sana amekata hamu yake, kama vile anywaye maji hukata kiu.

Sasa msomaji aangalie jambo hili. Mtoto yule alisema "Nina hamu" akanyamaza. Hakusema hamu ya nini wala hamu na nani. Mimi nikamjazia sentensi yake kwa maana ya (a), naye alikuwa katika maana ya (c). Kosa lilikuwa langu, maana mtu mwenye hamu ya wali haji kusimama kitandani kwa kiranja saa nne ya usiku.

Tena tusilichanganye neno hili na majirani zake. Uchu ni hamu kali ya chakula, hasa nyama. Huwezi kuwa na uchu na mama yako. Tamaa ni kutaka, lakini mara nyingi kuna harufu ya kupita kiasi, ndiyo maana mtu akiitwa "mwenye tamaa" hasifiwi. Shauku ni kutaka kwa furaha na kungojea kwa moyo mchangamfu. Neno hili limetokana na Kiarabu shawq. Ashiki ni mapenzi makali ya mwanamume na mwanamke, nalo limetokana na Kiarabu ishq. Hamu ina nafasi yake peke yake: ni kutaka kunakouma kidogo. Kwa nini kunauma? Hayo tutayaona katika asili yake.

2. ASILI YAKE

Hamu ni neno lililotoka katika Kiarabu. Kwa Kiarabu ni hamm, na maana yake ya kwanza si kutaka hata kidogo. Maana yake ni wasiwasi, mashaka, huzuni, jambo linalousumbua moyo. Mwenzangu wa Ujiji alinieleza kwamba katika dini ya Kiislamu iko dua mashuhuri aliyoifundisha Mtume Muhammad, ambayo ndani yake mtu humwomba Mungu amwepushe na hamm na hazan. Hilo neno la pili, hazan, ni la ukoo mmoja na neno letu la huzuni. Basi huko Arabuni hamu na huzuni zimekaa mlango mmoja.

Niliposikia hayo nilishangaa sana. Wenzetu wanamwomba Mungu awaepushe na hamu, nasi tunamwandikia rafiki barua tukisema tuna hamu naye kana kwamba ni zawadi!

Kwanza nieleze jinsi umbo la neno lilivyobadilika. Kiswahili hakipendi neno limalizike kwa konsonanti, kwa hiyo maneno ya Kiarabu yalipoingia yaliongezewa vokali mwishoni. Mara nyingi neno likimalizika kwa sauti ya midomo, kama m au b, vokali inayoongezwa ni u: kitab likawa kitabu, qalam likawa kalamu, haram likawa haramu. Likimalizika kwa sauti nyingine, mara nyingi huongezwa i: safar likawa safari, khabar likawa habari. Basi hamm lina m mwishoni, kwa hiyo likavaa u, na zile m mbili zikapungua ikabaki moja. Likawa hamu.

3. NDUGU ZAKE

Maneno ya Kiarabu kwa kawaida hujengwa juu ya shina la konsonanti tatu. Mfano unaojulikana na wengi ni k-t-b, shina la mambo ya kuandika. Kutoka shina hilo sisi tumepata kitabu, katibu, maktaba na mkataba. Mtu akiyatazama maneno hayo manne huona mara moja kwamba ni watoto wa mama mmoja.

Shina la hamu ni h-m-m. Na shina hilo limetuletea watoto wengine wawili ambao tunakaa nao kila siku bila kujua kwamba ni ndugu wa hamu.

Wa kwanza ni HIMA. Kwa Kiarabu himma ni nia kubwa, bidii, moyo wa kufanya jambo. Kwetu hima ni kufanya upesi: "Fanya hima, mvua inakuja." Nasi Waswahili tukaongeza mkia wetu wenyewe tukapata kitenzi himiza, yaani kumtia mtu hima. Mwalimu wa zamu anapopita bwenini alfajiri akituhimiza tuamke, anatumia neno la ukoo wa hamu.

Wa pili ni MUHIMU. Kwa Kiarabu muhimm ni jambo linaloushughulisha moyo, jambo linalokufanya usikae kwa raha mpaka limetimizwa. Ndiyo maana likawa jambo kubwa lisilofaa kuachwa. Kutoka hapo tumepata na umuhimu.

Basi wasomaji wapenzi, tazameni ukoo huu: hamu, hima, muhimu. La kwanza ni jambo linalousumbua moyo. La pili ni haraka ya kulitimiza. La tatu ni ukubwa wa jambo lenyewe. Yote matatu yametoka katika moyo usiotulia.

4. WASIO NDUGU

Hapa nataka kuungama kosa langu la pili, ili wenzangu wasilirudie. Nilipoanza uchunguzi huu nilifurahi sana nilipokumbuka neno homa. Nikaandika katika daftari langu: "Hamu na homa ni ndugu, kwa maana mtu mwenye hamu kubwa huwaka mwili kama mwenye homa." Niliona nimegundua jambo kubwa.

Nilipomwonyesha mwenzangu wa Ujiji alitikisa kichwa. Akanieleza kwamba Kiarabu kina sauti mbili ambazo sisi kwa Kiswahili twaziandika kwa herufi moja ya h. Moja ni nyepesi, kama pumzi tu. Nyingine ni nzito, hutoka ndani kooni. Hamm ina h nyepesi. Homa imetoka katika humma, nayo ina h nzito. Mwarabu akisikia maneno hayo mawili hawezi kuyachanganya, kama vile sisi tusivyoweza kuchanganya paa na baa. Ni sisi tulioziunganisha sauti hizo katika mdomo wetu.

Kwa sababu hiyo hiyo himaya, yaani ulinzi, si ndugu wa hima. Na hamasa, ambalo pia ni neno la moyo kuwaka, si ndugu wa hamu. Maneno hayo yote yana h nzito.

Nalipata fundisho hapa. Maneno kufanana si ushahidi wa undugu. Watu wawili wanaweza kufanana sura sokoni, lakini ukiwauliza babu zao utakuta mmoja ni wa Kasulu na mwingine ni wa Lindi. Anayetafuta asili ya neno sharti amwulize babu ya neno, asitazame sura peke yake.

5. MASHAKA YALIVYOGEUKA KUWA KUTAKA

Sasa tufike kwenye swali kubwa. Imekuwaje neno lenye maana ya mashaka na huzuni likawa neno la kutaka?

Nadhani jibu liko ndani ya moyo wa kila mtu. Jambo tusilolitaka halitusumbui. Kinachotukosesha usingizi ni kile tunachokipenda na hatunacho: mzazi aliye mbali, mtihani ulio mbele, ndugu aliye hospitali. Mashaka na kutaka ni pande mbili za kitu kimoja. Mwarabu aliliita jambo hilo kwa upande wa maumivu. Mswahili akaliita kwa upande wa kile kinachotakiwa. Hata hivyo maumivu hayakutoka yote. Yamebaki katika maana ya (c), "Nina hamu na mama."

Wala hamu si neno pekee la moyo lililohama maana yake. Haya ni mengine:

Hasira kwa Kiswahili ni ghadhabu. Kwa Kiarabu hasra ni majuto, uchungu wa kukosa jambo. Kumbe mtu mwenye hasira huenda mwanzo alikuwa na uchungu tu.

Hamaki kwa Kiswahili ni kukasirika kwa ghafula. Limetoka katika shina la Kiarabu lenye maana ya upumbavu. Sina haja ya kueleza zaidi.

Ari kwa Kiswahili ni moyo wa kujitahidi usikubali kushindwa. Kwa Kiarabu ar ni aibu, fedheha. Mtu anayeogopa aibu hujitahidi, na hivyo aibu ikazaa bidii. Mwaka 2005 neno hili lilisikika nchi nzima katika kampeni za uchaguzi, "Ari mpya, nguvu mpya, kasi mpya". Na sidhani wengi walijua kwamba nyuma ya ari kuna aibu.

Tena si Kiarabu na Kiswahili peke yake. Waingereza wana neno passion, ambalo kwao leo ni mapenzi makali au moyo wa kupenda jambo sana. Neno hilo limetoka katika Kilatini, na huko maana yake ilikuwa kuteseka. Ndiyo sababu hata leo mateso ya Bwana Yesu huitwa kwa Kiingereza kwa neno hilo hilo. Kwa hiyo Waingereza walitoka katika mateso wakafika katika mapenzi, nasi tulitoka katika mashaka tukafika katika hamu. Njia ni mbili, lakini safari ni moja.

Na liko neno jingine ambalo nilipolisoma nilimkumbuka mtoto wetu wa Kidato cha Kwanza. Mwaka 1688 kijana mmoja aitwaye Johannes Hofer, aliyekuwa anasomea uganga katika mji wa Basel, nchi ya Uswisi, aliandika kitabu kidogo juu ya ugonjwa wa watu walio mbali na kwao. Hofer mwenyewe alikuwa hajatimiza miaka 20. Alichukua maneno mawili ya Kigiriki, nostos, yaani kurudi nyumbani, na algos, yaani maumivu, akayaunganisha akaunda neno nostalgia. Mmoja wa wagonjwa aliowaeleza alikuwa mwanafunzi kutoka mji wa Bern aliyekuja kusoma Basel. Kijana huyo alihuzunika, akapatwa na homa, akadhoofika mpaka watu wakadhani atakufa. Walipoamua kumrudisha kwao, alianza kupona hata kabla ya kufika.

Basi ndugu zangu, mambo haya si ya watoto wa Kibondo peke yao, wala si ya udhaifu. Zaidi ya miaka 300 iliyopita wataalamu wa Ulaya waliyaona yanatosha kuandikiwa kitabu.

6. NENO LILIVYOFIKA KWETU

Sisi tulio nchi ya juu, huku Kasulu na Kibondo, hatukai pwani. Neno la Kiarabu limetufikiaje? Limekuja kwa njia zile zile Kiswahili kilizokuja nazo. Misafara ya wafanya biashara ilitoka pwani ikapita Tabora mpaka Ujiji, na ilipofika mwaka 1871, Stanley alipomkuta Livingstone pale Ujiji, mji huo ulikuwa tayari na watu wengi wa pwani. Kisha ikaja reli, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Baadaye zikaja shule na redio.

Lakini iko njia nyingine ambayo wazee wetu wanaijua vema zaidi, nayo ni njia ya mkonge. Katika siku za ukoloni Waha wengi walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya upande wa mashariki. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mtu alipewa namba yake. Walikwenda na Kiha, wakarudi na Kiswahili.

Babu yangu alikuwa mmoja wao. Mwaka 1959 alipanda treni Kigoma akashuka Kimamba, karibu na Kilosa. Likizo iliyopita nilikwenda kumwamkia, na baada ya shikamoo nikamwuliza, "Babu, neno hamu ulilisikia wapi mara ya kwanza?"

Alifikiri kidogo, kisha akasema, "Kambini."

Akanieleza kwamba kila mfanya kazi alikuwa na kipande, yaani kadi ya siku 30. Siku ulizofanya kazi ziliandikwa humo, na mshahara ulilipwa kipande kilipojaa. Anayeondoka kabla ya kujaza kipande hupoteza jasho lake. Watu wa makabila mengi walikaa pamoja, na jioni walizungumza kwa Kiswahili. Babu akasema, "Mtu akisema nina hamu, sisi tulijua. Hatukumwacha alale peke yake usiku ule. Tulikaa naye, tukazungumza habari za nyumbani, hata kama tumechoka. Kwa kuwa tulikwisha ona wenzetu walioamka usiku wakaondoka, na kipande kimebaki siku tatu kujaa."

Nilinyamaza. Babu yangu hakusoma zaidi ya darasa la pili, wala hajui habari za shina la h-m-m. Lakini neno lile alilijua miaka zaidi ya 60 iliyopita kuliko nilivyolijua mimi wa Kidato cha Nne.

7. KATIKA LUGHA YETU YA NYUMBANI

Nilimwuliza babu tena, "Nanyi kwa Kiha mlisemaje?" Akasema, "Gukumbura." Ndivyo wasemavyo na jirani zetu wa Burundi ng'ambo ya mpaka. Gukumbura ni kumtamani mtu au mahali ulipotengana napo.

Tazameni neno hili linavyokaribiana na kumbuka la Kiswahili. Sehemu ya kumbu ni ile ile, mkia tu umebadilika. Hata Wazulu wa Afrika Kusini, walio mbali sana nasi, wana khumbula, ambalo kwao ni kukumbuka na pia ni kumtamani aliye mbali. Kwa hiyo wakati Mwarabu aliiona hamu kama mashaka, na Hofer aliiona kama maumivu ya kutaka kurudi, wazee wetu wa Kibantu waliiona kama kumbukumbu isiyokubali kutulia. Mtoto wa Kidato cha Kwanza analala hapa Kasulu, lakini moyo wake unakumbuka moshi wa jiko la mama yake Kibondo.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Baadhi yetu huona haya kuongea Kiha mbele ya wageni. Mimi sasa naona lugha ya nyumbani ni taa ya kuangazia Kiswahili. Mtoto yule angeniambia kwa Kiha, nisingefanya mzaha wa wali.

8. MWISHO

Haya ndiyo niliyoyapata. Hamu ilianza kuwa mashaka, ikawa kutaka, lakini haikusahau mashaka yake. Nduguze ni hima na muhimu, nami nimezifanya nduguze hizo kuwa kanuni ya bweni letu: mdogo akisema ana hamu, jambo hilo ni muhimu, na kiranja afanye hima. Haifai kumwuliza "Hamu ya wali?" mbele ya watu. Mkalishe, mwulize ya nani. Mara nyingi hahitaji kitu kingine, ila mtu wa kumsikiliza kwa robo saa. Ikizidi, mpeleke kwa mwalimu wa malezi usiku ule ule, usingoje kesho. Tangu mwezi wa tatu kila mwanafunzi mpya katika bweni letu amepewa kaka mmoja wa Kidato cha Tatu au cha Nne wa kumtazama, nasi tumejitahidi kumpa anayetoka upande wake.

Nanyi wazazi mnaosoma gazeti hili, nawaomba jambo moja. Mtoto akipiga simu ya shule akasema, "Mama, nina hamu na nyumbani," msimwambie, "Soma, acha utoto." Mwambieni kwamba nanyi mna hamu naye. Hamu inayojibiwa huwa nyepesi.

Yule ndugu yangu wa Kibondo nilimwomba radhi mbele ya wale wale waliocheka. Bado yupo nasi, na sasa anacheza mpira upande wa kushoto, ingawa viatu vya kuchubua amevigawa. Wiki iliyopita alinikuta karibu na bomba akaniambia, "Kaka, sina hamu tena." Nikashtuka, maana nimekwisha eleza hapo juu kwamba "sina hamu" lina maana zaidi ya moja, na mojawapo ni ya mtu aliyechoka kabisa. Safari hii sikumjazia sentensi. Nikamwuliza, "Huna hamu ipi?"

Akacheka akasema, "Ile ya nyumbani imepungua. Ya wali bado ipo."

MASWALI KWA WASOMAJI

1. Tunga sentensi nne, kila moja itumie neno hamu kwa maana tofauti.
2. Eleza tofauti ya hamu, uchu, tamaa na shauku.
3. Kwa nini kitab likawa kitabu, lakini safar likawa safari?
4. Hamu na muhimu ni ndugu, bali hamu na homa si ndugu. Eleza sababu.
5. Mwulize babu au bibi yako neno la hamu katika lugha ya nyumbani kwenu, uandike na maana yake kamili. Majibu yaletwe kwa Mhariri kabla ya kufunga shule.